Kundi Nisilojiunga Nalo

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Wivu? Hata kidogo. Nasema kweli tu. Madhuben, mwenye jengo ninamofundisha uchapaji, amempa Bartholomeo kazi ya kuwafundisha Kiswahili wale wageni wapima miamba waliopanga ghorofani. Bartholomeo! Anayeanza somo kwa "mwangaluka" ya Kisukuma kabla ya "shikamoo". Mimi, mtoto wa Pangani, nililetwa Shinyanga kuwa karani wa jineri ya pamba nikasahaulika huku na vitabu vyangu. Hakuniuliza mtu! Bado ni majaribio. Ijumaa Madhuben ataamua.

Somo linapita kwenye kompyuta. Rohit, mwanawe Madhuben, fundi wa mitambo hiyo, kanieleza: namba ya kundi si ya mashine yoyote. Anayetaka somo anaiagiza mashine yake ijiunge. Mwalimu anatuma mara moja tu. Nakala zinawafikia waliojiunga, wengine hawapati kitu. Bartholomeo akadakia kwamba ni kama ngoma ya Bagalu, kundi la wachezaji wa Kisukuma: ikilia, wapinzani wao Bagika hawainuki. Mfano mzuri. Nimeuchukia.

Jumanne, 8 Septemba

Namba za makundi zinaanzia 224 hadi 239. Nimejichagulia ya 239, niwe juu ya Bartholomeo. Nimetuma somo la ngeli. Kwa uzuri wake machozi yalinilenga.

Rohit kasema hakuna aliyejiunga na namba hiyo. Somo halijamfikia hata mbu.

Jumatano, 9 Septemba

Rohit kaponyokwa na siri: kutuma kwenye kundi hakulazimu kujiunga nalo. Akaanza kusema, "Lakini Babu Hatibu..." Sikumngoja. Nijiunge na kundi la Bartholomeo, nihesabiwe mwanafunzi wake? Thubutu!

Nimetuma kwenye namba yake: "Sahauni mliyofundishwa. Kiswahili chenyewe kimefika." Kisha ngeli zote.

Kimya. Heshima hiyo! Mtu hapayuki mbele ya elimu.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimetuma masomo matatu. Kimya kitamu zaidi. Ghorofani wanacheka sana. Bila shaka wanamcheka Bartholomeo. Agnetha, karani wao, kanipa shikamoo huku kaziba mdomo. Haya zimemjaa, maskini. Nimeitikia marahaba kwa upole wa mtu mkubwa.

Ijumaa, 11 Septemba

Msiba! Madhuben kaniita. Kumbe tangu juzi wageni wananijibu humo humo kundini. Mmoja kauliza mimi ni nani. Mwingine kauliza jiwe liko ngeli gani, kauliza tena, kaniomba tafadhali. Wote wameyaona maneno hayo isipokuwa mimi, kwa kuwa mashine yangu haijajiunga. Bartholomeo ndiye aliyekuwa akiwajibu na kuwaomba wanistahi, eti mzee mwenzake ana mengi kichwani.

Madhuben kasema, "Babu, mwalimu asiyesikia wanafunzi ni redio. Redio ninayo nyumbani."

Kazi kapewa Bartholomeo. Naye kaniomba nimsaidie upande wa ngeli, nijiunge tu. Huruma ya mshindi! Nimekataa. Kwanza aniombe radhi kwa kunifunika, tena mbele ya kundi zima, kwa maandishi. Kaitika mara moja.

Jumamosi, 12 Septemba

Tangu asubuhi niko mbele ya kioo cha kompyuta. Hakuna neno. Chai imepoa. Agnetha kapita, kasema maneno ya Bartholomeo yamemtoa machozi, na wageni nao wanauliza mbona sijibu. Nijibu nini? Mtu anasema na dunia nzima, mimi ananipita! Rohit kaja kuiunga mashine yangu na kundi; nimemwambia asiiguse. Nitakaa hapa hapa mpaka huyo mwenye kiburi ajirudi.