Bodi Namba Nne na Samli ya Kimali

Jumatatu, 14 Julai

Kibanda changu kimepigwa X. Nyekundu, kubwa, juu kidogo ya maandishi yangu: TUNATENGENEZA REDIO, TV NA VINGINEVYO. Barabara inapanuliwa. Mwisho wa mwezi niwe nimehama. Miaka yote nimekaa pale nikila vumbi la malori ya pamba, barabara haikuwahi kunisalimia. Leo ndiyo imeniona.

Sikulia. Mwenye mpango halii.

Mpango wenyewe: Hajji Abdulkarimu anafungua duka jipya la pembejeo karibu na stendi. Mbegu, mashudu, pampu za kupulizia dawa. Ndani kuna kona yenye feni, soketi mbili na dirisha la kioo linalotazama barabara. Anataka kumwachia fundi mmoja, bila kodi. Sharti ni moja. Fundi aweke dirishani kitu cha kusimamisha wapita njia siku ya ufunguzi, Jumamosi hii. Tulioomba tuko wawili. Mimi Josia, fundi niliyejifundisha mwenyewe. Na Hilali, fundi simu, aliyesomea chuoni na huvaa miwani yenye taa kama anashuka mgodini.

Hilali anaweka taa za rangi. Taa! Bariadi nzima ina taa.

Mimi naweka treni.

Ilikuwa uvunguni. Niliipata Mwanza kwenye marobota ya mtumba: kichwa kimoja, ukubwa wa gunzi la muhindi, mabehewa matatu, na reli za kuunga duara. Kilichokosekana ni kile kiboksi cha kuipa umeme na kuiongoza. Kiboksi ni kitu gani? Nimechora bodi kwa mkono wangu, kwa makapeni, juu ya kipande chenye shaba. Nikakilaza kwenye dawa ya kula shaba ili ibaki michoro tu. Beseni nimeazima jikoni. Mwenye jikoni hakuwepo.

Reli zilikuwa kavu mpaka zinatia huruma. Kila kinachozunguka kinataka mafuta. Mnyororo wa baiskeli, cherehani, hata goti la binadamu. Nikazipaka samli. Siyo samli ya dukani, hapana. Samli ya mama mkwe, imefika juzi kutoka Kimali, inanukia zizi zima. Nimepaka reli zote na magurudumu pia. Zinang'aa kama paji la uso la bwana harusi.

Hilali aanze kufungasha.

Jumanne, 15 Julai

Bodi Namba Moja imekamilika. Nimeijaribu na balbu ndogo. Imewaka! Nazungusha kitufe, mwanga unapanda. Narudisha, unashuka. Nikaiunga kwenye reli. Nikaweka treni. Nikavuta pumzi. Nikawasha.

Kimya.

Fundi hababaiki. Nimechukua mita, nikakandamiza sindano zake kwenye reli kwa nguvu, kama nesi mwenye haraka. Ikalia piii. Umeme upo. Nikagusisha nyaya moja kwa moja kwenye mota ya treni. Ikazunguka. Basi reli nzima, mota nzima. Mgonjwa ni bodi. Hesabu haina mjadala.

Nimeitupa Bodi Namba Moja.

Minza, mke wangu, kaulizia beseni. Nimemwonyesha. Jana lilikuwa jeupe. Leo lina rangi ya kutu, na haitoki kwa sabuni wala kwa sala. Kaliangalia, kaniangalia mimi, kaliangalia tena. Kasema sawa, Baba Salu, kuanzia leo hilo ni sahani yako.

Jumatano, 16 Julai

Bodi Namba Mbili. Kapasita moja niliiweka kichwa chini miguu juu. Imelipuka paa! Moshi wa kunuka samaki. Jirani kauliza ng'ambo ya ukuta tumeoka nini. Nimejibu ni utafiti.

Meneja alikimbilia juu ya kabati. Meneja ni paka wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hafanyi kazi na hula wa kwanza. Moshi ulipoisha akashuka, akajilaza kwenye reli, na kwa kuwa hana heshima akaanza kuzilamba, pamoja na magurudumu. Nilimwacha. Nilikuwa nabadilisha transista. Mpya sina, nimeitoa kwenye redio ya mteja ambaye huja mara moja kwa mwezi.

Nikamfukuza Meneja, nikawasha.

IMETEMBEA! Shubiri moja kamili! Ilisogea palepale alipokuwa amejilaza paka, kisha ikasimama. Nilipiga kelele mpaka Minza akaja na mwiko. Nikamweleza kuwa transista ya redio za zamani ina moyo. Kauliza kwa nini moyo wake umechoka baada ya shubiri moja.

Nikachunguza. Nikagundua pale alipolamba Meneja samli imekwisha. Hatari! Reli kavu ingeweza kuiumiza treni inapoanza kupata nguvu. Nimepaka upya, safari hii nene.

Nikawasha tena. Kimya.

Transista za zamani haziaminiki.

Alhamisi, 17 Julai

Bodi Namba Tatu nimeichora kinyumenyume. Kulia kwake ni kushoto kwangu. Nimegundua baada ya kulehemu vyote. Sitaki kuizungumzia.

Saa nne Hilali akaja, eti kunisalimia. Mwadila kaka, vipi kazi. Kumbe macho yako kwenye treni. Akagusa reli kwa kidole, akakinusa. Akaniuliza kaka, hii ni samli? Nikamwambia ni siri ya ofisi. Akasema umeme haupiti kwenye mafuta, zifute kwa kitambaa na spiriti, itatembea sasa hivi.

Nilimtazama kwa huruma. Mtu anakuja nyumbani kwako, siku mbili kabla ya shindano, anakushauri uvue treni yako nguo! Mita yangu imelia piii. Mita haina wivu. Yeye anao.

Nikamlipa kwa sarafu yake. Nikamshika bega, nikamnong'oneza kindugu kwamba Hajji hapendi kabisa taa zinazowakawaka. Zinampandisha presha. Taa zako, mdogo wangu, ziwake tu zitulie. Uongo mtupu. Nataka Jumamosi upande wake wa dirisha ufanane na wodi.

Kashukuru sana. Wabeja, kaka. Kaondoka anafuta kidole kwenye suruali.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Hilali kafunga taa zake dirishani, zimewaka zimetulia. Hajji katoka msikitini, kapita kuziona. Kasema mashallah, kijana huyu kajuaje? Kumbe taa za kuwakawaka zinampandisha presha kweli. Mwaka jana zilimlaza siku nzima kwenye harusi ya mpwa wake.

Nimedanganya, na uongo ukageuka kuwa kweli nyuma ya mgongo wangu.

Hajji akanigeukia, akauliza treni yangu inaendeleaje. Nikasema iko kwenye hatua za mwisho. Hilali akakohoa.

Jioni nimemaliza Bodi Namba Nne. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Michoro imenyooka, risasi ya kulehemu inang'aa. Balbu imewaka mpaka nikafumba jicho. Nikaiunga kwenye reli.

Siandiki kilichotokea. Hakikutokea.

Minza kaja na kopo la samli. Limebaki chini ya nusu. Kauliza mama yake alituma samli ya kula ama ya barabara. Nikamwambia kesho ikifanikiwa mama mkwe ataandikwa kwenye historia. Akakaa kwenye kigoda, akasema polepole: Baba Salu, kibanda kinavunjwa. Usipopata hiyo kona, redio za watu utazitengenezea wapi, juu ya mti? Minza anapopaza sauti namudu. Anapoongea polepole ndipo nakosa usingizi.

Mlangoni akageuka. Kasema kama treni imegoma nimpeleke Meneja dirishani, yeye angalau hutembea.

Jumamosi, 19 Julai

Nilibeba kila kitu kwenye boksi moja. Lilikuwa zito kuliko nilipolifunga usiku. Nikadhani ni uchovu.

Nimefika, nikafungua boksi, Meneja akatoka. Alikuwa amelala juu ya reli. Nikamwambia akae kimya, akakaa kwenye gunia la mashudu. Nikaunga duara dirishani, na kwa kuwa siku ilikuwa kubwa nikazipaka reli mkono wa mwisho.

Watu walijaa. Wakulima wa Kasoli waliokuja na pamba, bodaboda, akina mama wa stendi. Taa za Hilali zikawashwa. Waliziangalia. Wakasema nzuri. Wakageukia kwangu.

Hajji akaniashiria. Nikasema maneno machache kuhusu sayansi. Nikawasha.

Kimya. Kimya ambacho unasikia feni.

Nikagonga bodi. Nikapuliza bodi. Nikaiambia bodi maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mtu nyuma kauliza kama hii treni ni ya picha. Wakacheka. Hilali hakucheka, alikuwa anatafuta kitambaa mfukoni, ananinyooshea. Ajifutie mwenyewe jasho lake! Nilimwona Minza nje ya kioo, kashika mdomo. Nikawaza ile X.

Hapo Meneja akaruka dirishani. Akainamisha kichwa mbele ya treni. Akaanza kulamba reli. Moja, halafu ya pili, taratibu, kama mtu anayehesabu mishahara. Nilitaka kumpiga kofi, lakini kabla mkono haujafika, kichwa cha treni kikatikisika.

Kikasogea!

Meneja analamba, treni inamfuata. Akisimama kulamba masharubu, nayo inasimama nyuma ya mkia wake. Akiendelea, inaendelea. Watu wakaanza kupiga makofi. Mzee mmoja wa Kasoli kapaza sauti kwamba ng'ombe huchungwa kwa nyuma, hii inachungwa kwa mbele! Walizunguka hivyo mduara mzima, paka mbele, treni nyuma. Alipomaliza kulamba akakaa katikati akijisafisha, na treni ikaendelea peke yake. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Haikusimama tena!

Bodi Namba Nne ilikuwa inataka kupata moto tu. Vitu vizuri huchelewa.

Katikati ya shangwe Meneja akainua masikio. Akaruka kwenye magunia ya mashudu. Purukushani. Akarudi na panya mkubwa kama kiatu, akavuka naye reli mbele ya treni, akamweka miguuni kwa Hajji. Akarudi kuchukua mwingine. Nilisikitika sana. Watu walikuwa wameanza kuielewa bodi, yeye akawavuruga mawazo.

Jumapili, 20 Julai

Nimeshinda!

Hajji kaniita jana baada ya watu kutawanyika. Alikuwa anatazama magunia yake yaliyotobolewa. Kasema fundi, nina wiki tatu nalisha panya wa Simiyu nzima, mitego wanaikanyaga, dawa wanaizoea. Kona ni yako. Ufunguo uje uchukue Jumanne asubuhi. Lakini uje na huyo paka. Akarudia: bila paka usije.

Mzaha wa matajiri. Hawawezi kumsifia fundi hadharani, husifia kitu cha pembeni yake. Nimemwelewa. Nikacheka sana. Yeye hakucheka, lakini Hajji ni mtu wa utulivu.

Hilali kaja kunipongeza. Kasema kaka, sasa umeona, reli zilipolambwa safi ndipo ikatembea. Nilimwacha aseme. Aliyeshindwa ana haki ya nadharia yake.

Minza kapika kuku. Wangu kaniwekea kwenye beseni la kutu, ila mnofu ulikuwa mkubwa.

Jumatatu, 21 Julai

Maandalizi ya kuhama. Leo nimefikiria kwa kina kuhusu Meneja. Manyoya yake yanaingia kwenye bodi. Analamba samli ninapopaka. Siku ya ufunguzi kidogo anipokonye sifa. Kwenye karakana ya kisasa, yenye feni, paka wa nini?

Na Hilali nimemwonea huruma. Kibanda chake nacho kina X. Mshindi mwenye utu hutoa kifuta machozi. Nimemtia Meneja kwenye boksi, nikampelekea.

Alifungua, akatazama ndani, akafunga tena. Kauliza, kaka, una uhakika? Nikasema chukua, mdogo wangu. Kauliza tena kama simtaki kabisa, kabisa. Nikasema zawadi hairudishwi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalimlegea. Sikujua Hilali anapenda wanyama kiasi hicho.

Minza kaulizia paka. Nimemwambia kapandishwa cheo.

Kisha nimezikagua reli. Kavu kabisa, hazina hata tone. Nimemaliza kopo lote la samli, reli na magurudumu, mikono miwili. Kesho Hajji ataona treni inavyopaswa kuwa.

Jioni hii nilikuwa nje nikivuta hewa. Hilali kapita kuelekea dukani kwa Hajji, boksi kwapani, anapiga mluzi. Anaenda kuaga, maskini.