Malalamiko Dhidi ya Cheni Isiyokatika

Mwaloni, Ilemela

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wa Wenye Boti, Mama Getruda, ambaye nje ya ofisi ni shemeji yangu,

Shikamoo. Hiyo ni ya dada mkubwa wa mke wangu. Ya Mwenyekiti ni kwamba naandika kwa unyenyekevu, nikiwa na akili zangu zote, kupinga uamuzi wa kikao wa kuninyang'anya ufunguo wa kibanda cha winchi na kumkabidhi Rebeka, mdogo wako na mke wangu. Siku ile wajumbe walisema mengi. Mimi sikusema kitu kwa sababu meno yalikuwa yanagongana kwa baridi ya maji. Naomba nijieleze sasa, nikiwa mkavu.

1. Kuhusu ununuzi. Cheni ya zamani, ile inayochukua nguvu kwenye injini na kuzungusha ngoma ya kamba ya kuvutia boti, ilikuwa imechakaa, nami nikatumwa mjini kutafuta nyingine. Muuzaji, Bwana Farouk, badala ya kuniuzia alianza kunihoji kama mtu wa uhamiaji. Kutoka pini hadi pini ni umbali gani? Upana wa ndani je? Injini ina nguvu kiasi gani, na mzigo wenyewe unakwenda taratibu au unashtua? Sikuwa nimepima chochote. Lakini Mkuu wa Mtambo hawezi kusema hajui mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake, kwa hiyo nilimjibu, "Nipe ya kiume." Nikaichagua kwa macho ile inayong'aa, kama nilivyochagua mke, na upande wa mke, Mheshimiwa, sijawahi kujuta. Rebeka alipoiona alisema vibati vyake vya pembeni ni vyembamba kwa mzigo wa boti. Nilimkumbusha kwamba hata yeye nilimwoa akiwa mwembamba.

2. Kuhusu meno. Kama unavyojua, kabla sijamwoa Rebeka alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na ni mtu asiyenyamaza. Alisema meno ya spoketi zetu, yale magurudumu yanayobeba cheni, yamelika mpaka yamechongoka, na kwamba cheni mpya ikivikwa meno ya zamani italiwa nayo ikiwa bado changa. Niliona ni ufujaji. Kama kila bibi harusi angedai bwana harusi aote meno mapya kwanza, nani kati yetu angeoa? Nikaivika.

3. Kuhusu nidhamu ya kazi. Cheni ilining'inia kidogo upande wa chini. Rebeka alisema kulegea kidogo ni haki yake. Mimi sipendi uvivu kazini. Nilisogeza injini nyuma mpaka cheni ikakaza kama uzi wa zeze, na tulipowasha, ikaimba. Watu walitoka mpaka kwenye vichanja vya dagaa kuja kusikiliza. Nilidhani inanishukuru.

4. Kuhusu mafuta, na hapa ndipo nilipodhalilishwa zaidi. Nilichukua kopo zima la grisi nikaipaka cheni nje yote, kama mtoto anavyopakwa mafuta kabla ya kwenda kanisani. Upepo ukaleta mchanga wa ufukweni, mchanga ukanasa, cheni ikafanana na sato aliyeviringishwa kwenye unga tayari kwa kukaangwa. Rebeka akaja na kopo la oili nyepesi, akaiangalia, akasema, "Obedi, cheni haili kwa ngozi. Inakula kwenye viungo."

Alisema hivyo mbele ya wateja. Kwa sababu hiyo, na hiyo peke yake, nilikataa oili yake.

5. Kuhusu siku yenyewe. Boti la Salum lilikuwa linavuja, na ndilo linalolisha nyumba yake, hivyo alikuwa na haraka. Nilimwachia msaidizi wangu Ngosha injini, mimi nikapanda mbele ya boti ili nipigwe picha wakati linapanda. Lilifika katikati ya mteremko, cheni ikakatika. Boti likarudi kinyumenyume juu ya magogo, nikiwa nimesimama wima na kifua mbele, likaingia ziwani na kuendelea na safari. Nilipunga mikono kuomba msaada. Watu wa mwalo wetu wana adabu: wote walinipungia pia. Makasia yalikuwa nchi kavu na maji yaliyovujia ndani yalikuwa yananifika kiunoni. Aliyenifuata ni Rebeka, na mtumbwi wa kukopa. Alifunga kamba, akanivuta mpaka ufukweni bila kutoa neno. Nimeishi naye muda mrefu, ningependelea anifokee.

Kuna jambo moja sikulipa namba. Nusrat, mke wa Salum, alikuwa anapita nyuma ya boti na ndoo yake. Alisikia mlio, akaitupa ndoo, akakimbia. Ndoo tuliiokota ikiwa bapa. Hilo nimelitafutia mtu wa kumlalamikia, sijampata.

6. Kuhusu hali ya sasa, ambayo haivumiliki. Rebeka amepima kila kitu, akarudi kwa Bwana Farouk na vipimo vyake, wakaelewana haraka mno kwa watu wasiojuana. Amefunga cheni nzito zaidi pamoja na spoketi mpya zote mbili. Amezinyoosha kwa uzi mpaka zimenyooka kama waumini wa safu moja. Huzima injini kwanza, kisha anadondoshea oili kwenye viungo, tone kwa tone. Mara kwa mara huipima urefu, na ametangaza kwamba ikirefuka kufikia tatu kwa mia itatoka, hata kama bado inang'aa. Juu ya yote ameifunika kwa bati, kwa hiyo hata kuitazama siwezi.

Matokeo yake ni kwamba haikatiki, na wala haiimbi.

Zamani cheni ikikatika mwalo mzima ulisimama. Watu walikaa kwenye magogo, uji uliletwa, habari za Nyegezi na za Kisesa zilisimuliwa, ugomvi ulisuluhishwa, mimi nikiwa katikati na spana yangu. Sasa boti linapanda, linazibwa, linashuka. Wanaume wanafika nyumbani mapema, wanakutana na wake zao bado kuna mwanga, na matokeo yake unayasikia mwenyewe kutoka kwa majirani. Salum amerudi ziwani bila hata kuniomba ushauri. Nakuuliza kwa heshima, Mheshimiwa: umoja wa jamii utajengwa na nini, ikiwa hakuna kinachoharibika?

Kwa hayo, naomba ofisi yako iamuru cheni ikatike walau mara mojamoja, kwa taarifa na bila mzigo. Naomba lile bati liondolewe, au ikishindikana lichorwe sura yangu. Naomba pia Rebeka apandishwe cheo na kuhamishiwa mwalo wa mbali, mradi awe anarudi jioni, maana mimi ugali wangu huwa unabaki na mabuja ya unga mbichi.

Wasalimie wajumbe wote, hata walionyoosha mkono kunipinga, ingawa sikuona ambaye hakunyoosha. Salamu kwa shemeji Jonathan, kwa Queen na masomo yake, na kwa yule kuku wako mtetea niliyesikia ameanza tena kutaga.

Wako katika ushirika na katika ukoo,

Obedi Shimba
Mkuu wa Mtambo (aliyepumzishwa)

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha Rebeka akaaga kwenda Kisesa kumwona mama yenu, akaniachia ufunguo. Hakuchelewa Mzee Chenge kuja na boti lake, anataka livutwe papo hapo. Nimefungua bati nitie oili, nikakuta kiungo kimoja kimekaza, hakikunjiki. Nimemwambia hatuvuti mpaka kibadilishwe, na kwa Farouk leo wamefunga. Amesema nimekuwa mwoga, na kwamba Obedi anayemjua yeye angewasha injini bila kuuliza. Nimemjibu kwamba kwanza awaondoe watu wote nyuma ya boti, halafu arudi anitukane vizuri. Ameondoka kwa hasira, anasema anakuandikia barua ya kunilalamikia. Ikifika, shemeji, tafadhali simama upande wangu. Hii yangu washia jiko.