Peptidi za Daktari Viateur

Viateur alikuwa na katoni ya vichupa, koti jeupe la daktari na uso usiojua haya. Asubuhi moja ya mwaka 1999, pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka cha kuingilia Goma, alimwona Nyirasafari, muuza vitenge, akichechemea na goti lililofungwa kitambaa. Riziki hiyo, alijiambia, inakuja na miguu yake yenyewe, hata kama mmoja mbovu.

"Mama, kwa hiyo goti mushipa umekatika," alisema. "Mi niko na peptidi. Ni vipande vidogo vya protini, vinatengenezwa kwa maabara. Vikiingia mwilini vinaambia nyama: jishone. Panya wa Ubelgiji wamepona."

"Mi si panya."

"Donc, basi, utapona haraka kuwapita."

Wabeba mizigo walisogea kusikiliza. Bei, kwa kuwa Viateur ni mtu wa huruma, ilikuwa vitenge vyote sita alivyobeba. Nyirasafari akakubali. Viateur akakoroga unga wa kichupa kimoja kwenye kikombe cha maji, akamnyooshea.

Mama hakupokea. "We ulilelewa wapi? Kwetu mwenye kutoa kinywaji anaonja kwanza."

Hapo elimu ya daktari ikagota ukutani. Alijua vizuri kwamba ndani ya vichupa mlikuwa na sabuni ya unga. Lakini kukataa kuonja mbele ya watu wa huku ni kukiri umetia sumu, na kwa hilo mtu hapigwi kidogo. Akafumba macho, akapiga funda.

Povu lilimtoka mdomoni na puani. Watu walicheka hadi wakatua mizigo.

"Bon. Niite askari, ama unaacha katoni?" Nyirasafari aliuliza kwa upole.

Akaacha katoni.

Mchana alivuka kwenda Goma, kutafuta mtaa usiomjua. Akakuta umati, na katikati Nyirasafari, katoni ile kando yake, kitambaa kimefunguliwa, anachuchumaa na kuinuka kama msichana. Ndipo Viateur alipoelewa, na ikamuuma kweli: pale mpakani wenye kuchechemea hutangulizwa kwenye foleni, na goti lile halijapata kuugua hata siku moja.

"Asubuhi muliniona kwa mpaka nikichechemea," mama alikuwa akisema. "Sasa muniangalie. Peptidi, ya maabara."

"Inakunywiwa?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana, baba, inapakwa tu. Docteur ni ule pale, mumuulize."

Viateur alifungua mdomo kumkana, akacheua povu. Vichupa vyote vilinunuliwa vikaisha kabla hajajifuta.