Uyoga Unataka Radi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mifuko yote sita imekuwa myeupe! Imejipanga chini ya dirisha nililoliziba kwa blanketi, imetulia kama watoto waliolala. Binamu yangu Fred aliituma kwa basi kutoka Mbeya, mbegu za uyoga zikiwa zimeshapandwa ndani. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo pia. Hiyo nimewashia jiko. Asubuhi za Juni hapa Kihesa si za mchezo.

Mama Devota alitamka mbele ya majirani, akinionyesha mimi kwa kidole: Kalinga akiniletea bakuli la uyoga kiangazi hiki, mshenga wake nitampokea. Watu wakacheka. Wacheke tu. Nikifumba macho namwona Devota katikati ya uyoga, kavaa gauni jeupe, ananiita mume wangu. Nikifumbua, naona ndoo na blanketi.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna kilichoota. Devota kapita getini. Anasema aliisoma ile karatasi kabla sijaichoma: mfuko ukishakuwa mweupe unachanwa kwa wembe, uyoga unatokea hapo. Nikamweleza kwa upole kwamba hakuna anayetoboa sufuria ili wali uive. Akashusha pumzi, akaondoka. Anapendeza hata akiondoka.

Jioni nikaenda kumwamkia mama yake. Kamwene, mama, mbona uyoga wangu hauoti? Akanijibu kwamba tangu enzi za bibi yake uyoga hauoti bila radi. Radi! Kwa nini sikuliwaza hilo? Mama huyu ameokota uyoga porini tangu utoto, si mtu wa kubahatisha.

Jofrey, yule mfuga kuku wa kisasa, alikuwa amekaa barazani kwa Mama Devota anakunywa chai. Kikombe cha pili! Na kiazi juu yake.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeazima sabufa kwa Anord, fundi redio. Radi nimeipakua kwenye simu. Mchana nikafunga mlango, nikajilaza kando ya mifuko, nikafungulia sauti yote.

Ilikuwa raha isiyosemeka. Ngurumo zikaja kutoka mbali, zikasogea, zikapita juu ya kitanda. Nikawa sipo Kihesa tena. Nikawa msituni, ukungu hadi magotini, Devota mbele yangu na kikapu, anageuka kunitazama.

Kisha nikasikia kelele. Nikachungulia. Mungu wangu, mahindi! Mtaa mzima umeanika mahindi kwenye maturubai, na mtaa mzima unakimbia kuyaanua. Na ni nani huyo kabeba magunia ya Mama Devota, moja kila bega? Jofrey!

Nikatoka mbio kwenda kusaidia, nikajikwaa kwenye waya. Sabufa ikauangukia mfuko wa mwisho, ikauchana ubavuni. Nilipofika nje kazi imekwisha. Jua linawaka, watu wameduwaa wanatazama mbingu. Mama Devota anamfuta Jofrey jasho kwa kanga. Kanga yake mwenyewe! Nimeumia.

Jumamosi, 14 Juni

Mtaani wanajadili radi isiyo na wingu. Mmoja anasema ni dalili za mwisho wa dunia. Nikatikisa kichwa kwa huzuni kama wengine.

Ule mfuko uliochanika nauonea huruma. Nimeunyunyizia maji mara kwa mara, kuuomba radhi.

Jumamosi, 21 Juni

UYOGA! Umechomoza palepale penye mchano, shada zima, laini, rangi ya mawingu ya asubuhi. Nimepiga magoti. Nimeugusa kwa kidole kimoja tu. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuota chumbani kwangu.

Mifuko mingine mitano haina habari. Sababu iko wazi: huu ndio uliokuwa jirani na sabufa. Uliisikia radi vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nikabeba bakuli. Sebuleni kwa Mama Devota nikamkuta mzee wa makamo kavaa koti. Mshenga wa Jofrey.

Mama akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Akaustaajabia uyoga, akausifu, akaupika kwa karanga, akamwandalia mshenga wa Jofrey. Mzee akala hadi akalamba vidole. Mimi sikuambulia hata mchuzi.

Mama kasema ahadi ni ahadi, nami nitume mshenga wangu, ila atakayeamua ni Devota. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa watasikia.

Devota akanisindikiza getini. Akasema jibu atalitoa mwisho wa mwezi ujao. Akasema Jofrey ana mabega, lakini yeye hataki kuolewa na mabega. Anataka mtu atakayemsikiliza, hata mara moja tu. Nimletee bakuli lingine, kutoka kwenye mifuko iliyobaki, hilo la kwake mwenyewe. Akanipa wembe mpya, bado kwenye karatasi yake. Akanikazia macho, akasema hana la kuongeza.

Nimelala nao chini ya mto.

Jumatatu, 23 Juni

Wembe mzuri kweli! Nimenyoa ndevu zote, kidevu kinateleza. Kumbe alikuwa ananistahi tu, hakutaka kuniambia waziwazi.

Kisha nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya kuazima spika zile kubwa. Akauliza za nini. Nikasema maombi. Anazileta kesho kwa toroli.

Mifuko mitano nimeipanga upya, karibu karibu, myeupe, haina hata mkwaruzo. Mtaani wameshaanika tena mahindi. Nimejilaza kando ya mifuko, najipapasa kidevu, najiona kanisani. Devota akiniona hivi, atajua kwamba nimemsikiliza.