Nozeli ya Tatu Irudishiwe Ubovu Wake

Mbwajumali,
Kisiwani Pate

Kwa Bwana Hamdu,
Mwenyekiti, Chama cha Mafundi wa Magari,
Mokowe

KUH: GARI LETU KUPONYWA BILA IDHINI

Bwana Mwenyekiti,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mikono yako ikiwa safi angalau kwa muda wa kuisoma. Mimi ni Bi Kulthum, mjane wa Abdulghafur, aliyekuwa akiendesha lile gari jeupe la abiria kutoka hapa kwetu hadi gatini Mtangawanda. Tangu afariki, mwanetu Ammar ndiye anayeliendesha. Naandika kwa adabu kumshtaki fundi wako, Bi Gakii, ambaye alikuja mwezi uliopita akalitengeneza gari hilo, likatengenezeka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari letu lilikuwa na kikohozi. Lilitetemeka na kukohoa: kho, kho, kimya kidogo, kisha kho. Marehemu hakupenda kupiga honi. Alisema ni kelele za mtu asiye na subira. Kikohozi kilitosha. Nikikisikia kwenye kona ya kisima naweka birika motoni, na akivua viatu mlangoni chai iko tayari, tangawizi nyingi, katika kile kikombe chenye ufa ambacho hakutaka kitupwe. Hata baada ya kufa kwake, kikohozi kikifika kona ile mkono wangu ulikwenda kwenye birika wenyewe. Sasa gari linapita pale kama paka. Birika limekaa tu.

2. Bi Gakii hakutumia njia ya haki. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya kila nozeli, zile zinazorushia injini petroli, na mpini akautega sikioni kama daktari. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilimjibu tik-tik-tik. Ya tatu ilinyamaza. Akachomoa nyaya za nozeli moja moja, injini ikiwa inawaka: akichomoa za wenzake, injini inalegea na kulalamika, akichomoa wa hii ya tatu, injini haina habari. Mwisho akaihamishia mahali pa ile ya kwanza, na ubovu ukaifuata huko. Akaniambia, "Mama, mgonjwa ni huyu." Bwana Mwenyekiti, kunyamaza si kukiri. Mimi mwenyewe nilinyamaza sana baada ya msiba, na hakuna aliyenifungua kwa spana.

3. Ubovu ule ni mali ya marehemu, na mirathi bado hatujagawanya. Mimi nina thumuni yangu, fungu la nane la mjane. Ammar na dada yake Safaa wana mafungu yao. Je, fundi aliuliza analoliondoa ni fungu la nani? Ikiwa thumuni yangu ilikuwa ndani ya kikohozi, basi nimedhulumiwa urithi wote.

4. Kijiji kimeharibika. Punda wa Bwana Musab alikuwa akisikia kikohozi anasogea pembeni mwenyewe. Juzi gari lilimfikia kimya, likamgusa matakoni, akaudhika, akalala katikati ya njia. Musab alipoombwa amwinue alijibu, "Punda wangu hapishi ndia mtu asiyebisha hodi." Abiria wakangoja mpaka punda aliposamehe. Siku hiyo hiyo Bi Mardhiya alikuwa barazani akimsema wifi yake. Zamani angekuwa na nafasi ya kugeuza maneno tangu gari liko kisimani. Safari hii wifi alishuka garini, neno lingali mdomoni mwa Mardhiya. "Gari gani hili laya kama mwivi!" akapiga kelele Mardhiya, kwa jinsi lilivyokuja kimya. Hawasemezani tena, na kila mmoja anakuja kunishtakia mimi.

5. Tukiendelea hivi, itatubidi tusemane mema wakati wote, jambo ambalo hatukujitayarishia.

Kwa hiyo naomba uamuru nozeli ile ya zamani irudi mahali pake. Haijapotea, Bi Gakii aliweka mpya na hii akaiacha imefungwa kitambaani. Ammar anakataa kuirudisha. Anasema, "Mama, fundi amekataza." Akiona muhuri wako atatii. Naomba pia magari mengine ya kisiwa yapimwe, na litakaloonekana zima kabisa lipewe japo mafua, ili tujue nani anakuja.

Sina chuki na Bi Gakii. Ana mikono mizuri, na alikula wali wangu wa nazi hakubakisha punje. Msalimie. Wasalimie na mafundi wote, na yule bibi anayewapikia chai hapo gereji, kama bado yupo.

Ni mimi, ninayengoja kwenye kona ya kisima,
Bi Kulthum

Baada ya sahihi: Ammar aliisoma barua hii, akaniangalia, akaenda kuirudisha nozeli ya zamani kwenye injini. Asubuhi tukaondoka naye kwa gari kuileta barua gatini. Bwana Mwenyekiti, lilikohoa! Machozi yalinitoka. Tulipoingia kwenye mchanga mzito likakohoa mara ya mwisho, likazima, wala halikuwaka tena. Abiria walishuka wakinitazama mimi. Barua hii imefika gatini juu ya punda wa Musab, ambaye alionekana kuridhika. Nikiwa mgongoni mwake nikakumbuka kwamba marehemu naye mara nyingi alifika nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, chai imeshapoa, akainywa hivyo hivyo.

Tafadhali mtume Bi Gakii upesi. Aje na nozeli mpya, kwani ile aliyotuwekea yeye, Ammar aliiangusha mchangani alipoitoa. Ya zamani asiichukue. Nitaiweka katika kikombe chenye ufa. Na akiweza, aje na honi. Isiwe kali. Iwe kama mtu anayesafisha koo.