Mama wa Ukumbi, Niachie Meneja Wangu

Kwa Mama Mwenye Ukumbi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni yule mwanamuziki wa gitaa moja na begi la mabango, niliyepiga ukumbini kwako mwezi uliopita, siku ile ya mvua. Nakuandikia kulalamika, kwa adabu zote, kwamba unataka kuninyang'anya meneja wangu. Ni kweli kwamba meneja huyo ni mimi mwenyewe, ila hilo halipunguzi kosa.

Nieleze kidogo. Msanii asiye na kampuni hujifanyia kila kitu. Nabandika mabango mwenyewe, najiandikia sifa mwenyewe, nawabembeleza makondakta wasilitupe gitaa kwenye buti pamoja na magunia. Siku moja nikiwa jukwaani niliona watu wawili wanapenya mlangoni. Ikabidi niwaulize tiketi kwa ubeti, bila kukatisha muziki, nao wakaitikia wakidhani ni kiitikio. Ndipo nikaona nahitaji meneja. Nikanunua laini ya pili ya simu, nikajifunza kuongea polepole na kukohoa kidogo kabla ya kutoa jibu. Sasa malalamiko.

1. Ubaguzi. Nilipokuja mwenyewe kuomba tarehe, uliniambia, "Mwanangu, wasanii ni wengi, acha namba." Nikakaa pale penye viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka mfagiaji akaniambia ninyanyue miguu. Nikatoka, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikakupigia kwa laini ya pili. "Karibu sana kaka yangu, tarehe utachagua mwenyewe!" Nilikuwa nakuona dirishani, Mama. Uliinuka kitini kuongea naye.

2. Sauti. Ulimwambia meneja kwamba sauti yake inatuliza moyo, alistahili kusoma taarifa ya habari. Sauti hiyohiyo iliimba kwako siku ya onyesho, nawe ukamfanyia ishara fundi mitambo aipunguze.

3. Umbea, na unisamehe kwa neno hilo. Baada ya onyesho ulimpigia ukasema, "Kaka, nakuambia kama dada yako. Huyo kijana anajitahidi, lakini wimbo wa tatu umelaza watu. Hata mimi nimepiga miayo." Meneja, kwa kulinda biashara, akasema ataongea naye. Na kweli akaongea naye. Mama, niliumia sana. Wimbo ule ndio ninaoupenda kuliko zote. Niliutunga mama yangu alipokuwa mgonjwa, hapati usingizi, na alipousikia alilala. Tangu siku hiyo mimi na meneja tunaongea mambo ya kazi tu.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi umemwita aje akuendeshee ukumbi: awe na meza, ofisi yenye dirisha na feni, apange matangazo na mikataba ya wasanii wote. Kisha ukaongeza, "Huyo kijana mwache atafute maisha." Mama yangu, akienda, mimi nabaki na nani? Nani atasema nimebanwa na shughuli wiki ambayo sina hata moja? Nani atanisifia kwa watu bila kuona haya? Mimi siwezi. Nikishuka jukwaani hata pa kuweka mikono sijui. Napenda kuimba kuliko kitu chochote, lakini bila yeye hakuna atakayenifungulia mlango.

Kwa hiyo naomba umwache. Ikishindikana, basi tuchukue wote wawili. Hatuli sana, na kitanda tumezoea kulala kimoja.

Nisalimie fundi mitambo, mfagiaji, dada wa tiketi, na yule bwana wa safu ya nyuma aliyebaki mpaka mwisho, hata kama alikuwa akisubiri mvua ikatike.

Ni mimi, kwa unyenyekevu wote wa jukwaani,

Mwanamuziki wa Gitaa Moja

Tanbihi: Barua zangu zote hupitia kwa meneja kabla ya kutumwa. Hii ameisoma, ameilainisha mahali pawili, na anakubaliana nami katika yote isipokuwa ombi. Anashukuru sana kwa ile ofisi, na ataanza kazi Jumatatu. Nimemwomba, kwa kuwa tunajuana, anitafutie walau tarehe moja hapo ukumbini. Amekohoa kidogo, akasema wasanii ni wengi, niache namba.