Chupa ya Mama Mkwe

Jamani, leo sina uso. Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya maabara, na huko nje bado wanacheka.

Mnajua kazi yangu ni kupima mikojo hapa Lamu. Mgonjwa wangu wa wiki hii ni mama mkwe, Bi Zuhura. (Naishi kwake, mtaa wa Wiyoni. Shikeni hapo.) Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa. Alipoimaliza akaleta chupa ya pili, kaificha chini ya mtandio. Hakunitazama, nami sikumtazama. Fomu inauliza mkojo umetolewa lini. Nimuulize mkwe wangu hilo? Astaghfirullah! Nikajaza mwenyewe: asubuhi hii.

Bakteria wakaota tele. Daktari akataka kujua: ni wale wale waliogoma kufa, au ukoo mwingine umeingia? Hapo ndipo pangu! Wale wa kwanza nilikuwa nimewahifadhi. Nikawaotesha wote kwenye sahani zao, nikawajaribu kwa sukari mbalimbali nione wanakula ipi, nikawawekea viduara vya karatasi vyenye dawa nione ipi inawaua. Leo nikatoka na sahani mkononi, kifua mbele.

"Ni wale wale, daktari! Hawatofautiani hata chembe. Maabara haidanganyi!" (Benchi zima la wagonjwa likasikia.)

Daktari akakunja uso. "Basi dawa imeshindwa. Bi Zuhura, itabidi uende Mombasa ukapigwe picha ya figo."

Mama mkwe akashika kichwa. "Mombasa? Na mimi nimepoa kitambo!"

"Na mkojo huu je?"

"Si ule ule wa kwanza! Siku ile ulikuwa mwingi, nikaubakiza, nisirudie aibu ya kujaza chupa. Nikautia frijini. Kwani mkojo nao wazeeka?"

Benchi likalipuka. Daktari akaegemea ukuta, machozi yanamtoka.

Nikampa mama mkwe chupa mpya, akaijaza hapo hapo. Nikachungulia kwenye hadubini: safi kabisa, alhamdulillahi. Safari ya Mombasa ikafa.

Ndipo nikakumbuka friji. Ile chupa niliyodhani ni ya asali, nyuma ya sharubati ya ukwaju! Ijumaa niliisogeza kwa mkono wangu. (Mume wangu alitaka kuionja, kifuniko kikamshinda. Mola ana rehema.)

Sasa naenda kuosha friji. Na asinicheke mtu kabla hajachungulia ya kwao.